Fundi wa Magamba analitafuta bomba lake la pili

Saa mbili asubuhi, Magamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Chini ya paa la bati nyuma ya nyumba ya tofali za kuchoma, mashine ya kukereza vyuma inazunguka, na hatua mbili kutoka hapo kuku anaatamia mayai kwenye kikapu. Hashtuki wala hainui shingo. Nyuzi za chuma zinajikunja na kudondoka kwenye debe, na sauti inayosikika haizidi ya cherehani.

Aliyeinama mbele ya mashine ni Aristide Bukuru, miaka 46, mwenye koti la kazi ambalo zamani lilikuwa la bluu. Pembeni yake amesimama Nkwabi, mfugaji kutoka Kakese, ameshika ekseli ya mkokoteni na anamweleza shida yake kwa sauti ya chini.

"Sijakusikia," Aristide anasema, ingawa wamesimama bega kwa bega.

"Nasema bushi. Hii imelika."

"Paza sauti. Sema unataka nini na unaenda kukifunga wapi."

Nkwabi anamtazama fundi, anaitazama mashine inayozunguka bila kelele, anamtazama tena fundi. Kisha anavuta pumzi na kutangaza kwa sauti ya mtu anayeswaga ng'ombe kwamba anataka bushi ya mkokoteni, kile kijibomba kinachoshika ekseli, na mkokoteni wenyewe uko kwake, Kakese, umelala upande. Jikoni, Emelyne, mke wa fundi, anacheka.

"Sasa nimesikia," Aristide anajibu, na anapokea ekseli.

Mgeni anaweza kudhani ni mzaha wa asubuhi. Si mzaha hata kidogo. Ni sharti la karakana hii, na limezaliwa na jambo ambalo mpaka leo, miezi saba baadaye, Aristide akilisimulia hutazama viganja vyake.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972, naye akazaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba. Ufundi aliupata kwa Mzee Jean Bosco, mkerezaji wa karakana ya misheni, aliyemfundisha miaka minne bila kumsifu hata mara moja. Karakana hiyo ilipofungwa, Aristide akainunua mashine ndogo kuliko zote zilizokuwamo, akaifunga kwenye trekta la jirani na kuileta Magamba.

Mzee Jean Bosco alimwachia pia tabia moja. Kila kazi inayotoka mikononi mwa Aristide, iwe bushi ya pikipiki au kitovu cha gurudumu, ina mistari miwili myembamba kama unywele karibu na mdomo. Mteja wa kawaida haioni.

"Mzee alisema, weka alama yako ndogo," Aristide anaeleza. "Siku kazi mbovu ikirudi uijue kuwa ni yako, usije ukamsingizia mwenzako."

Kwa miaka tisa mashine hiyo, ambayo wateja huiita lethi, ilikuwa adha ya mtaa. Ilisimama juu ya meza ya bati iliyoitikia kila mtikisiko. Giya zake za chuma zilisagana mpaka meno ya wapita njia yakaingia ganzi. Mkanda wake ulikuwa na kiungo kilichogonga kila ulipozunguka, tak, tak, tak, kuanzia saa mbili hadi jioni.

Aliyeumia zaidi ni Restituta, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuguzi wa zamu za usiku. Usiku wake ni mchana, na mchana wake ulikuwa na lethi ndani yake.

"Hakuja kugomba," Aristide anakumbuka. "Alikuja macho yamemvimba, akaniambia, Baba Spès, mimi sitaki ugomvi, nataka usingizi tu. Juzi nimechanganya majina ya wagonjwa wawili. Nikaona aibu sana."

Spès ni binti yao wa kwanza, na kwa jina hilo ndivyo Magamba inavyomwita fundi huyu. Alimjibu muuguzi, "Sista, nipe muda." Hakujua kama inawezekana.

Muda wenyewe ulikuwa miezi minne. Meza ya bati aliitupa, akamwaga zege lenye uwazi ndani, akaujaza mchanga na kuweka vipande vya tairi la lori chini yake. Mkanda aliubadilisha. Zikabaki giya, na hapo ndipo kichwa kilipomuuma.

Giya mpya za chuma zingelia vilevile. Akaamua kuchonga moja ya mti wa mninga na kuiweka katikati, ili chuma kisikutane na chuma. Aliitokosa kwenye nta ya nyuki kutoka Inyonga kwa nusu siku. Ya kwanza ilikatika meno siku ya pili. Ya tatu ndiyo inayozunguka mpaka leo, na karakana nzima inanukia asali kila mashine ikipata moto.

"Siku aliyoiwasha mimi nilikuwa jikoni," anasema Emelyne. "Nilimwona akiingia, halafu sikusikia kitu. Nikangoja. Kimya. Nikatoka mbio nikijua mume wangu kanaswa na umeme. Namkuta anakata chuma anatabasamu."

Hakuishia kwenye kelele. Alitoboa mhimili wa mashine katikati ili chuma kirefu kipite ndani yake, akatengeneza na kishikizo cha beringi tatu za pikipiki cha kuzuia ncha isicheze. Mashine iliyokuwa ikimudu vipande vya urefu wa kiganja sasa ikaweza kulainisha bomba refu kama mkono wa mtu mzima. Kazi za pampu za visima na mashine za kukamua alizeti zikaanza kuja, na kipato chake kikapanda kutoka wastani wa shilingi laki mbili kwa mwezi hadi karibu laki nne.

Restituta akalala. Kuku akapata mahali pa kuatamia. Mambo yalikuwa yamenyooka, na hakuna aliyejua ni kitu gani kilikuwa kimeondoka pamoja na zile kelele.

Kilichoondoka ni hiki. Katika miaka yote tisa, mteja aliyefika hapo alilazimika kupiga kelele ili asikike. "Bushi ya pikipiki", "shafti ya pampu", "nimevunja tena", yote yalisemwa kwa sauti ya kuvuka barabara. Mtaa mzima ulijua nani kaharibikiwa na nini. Mtu mwenye jambo la kuficha hakuwa na namna ya kuliagiza kwa Aristide.

Mashine iliponyamaza, ikawezekana kunong'ona.

Mwezi wa tatu mwaka jana, Jumanne, saa tano hivi, aliingia mwanamume mtaratibu aliyejitambulisha kwa jina la Denis, mkulima wa kahawa wa Mwese. Alitaka mabomba mawili ya pampu ya kupulizia dawa, marefu, yalainishwe ndani yawe kama kioo. Alisimama karibu na sikio la fundi muda wote.

"Alikuwa na sauti ya kanisani," Aristide anasema. "Mi nikamwona mtu mwenye adabu. Nikafurahi, maana zamani tungekuwa tunapigiana makelele."

Bomba la kwanza lilitoka vizuri. La pili lilimponyoka kidogo. Kisu cha mashine kilivutwa upande, na ukuta wa bomba ukabaki mwembamba sehemu moja, kama ganda la yai. Aristide hakulificha. Alimwonyesha mteja mahali penyewe, akajitolea kulirudia bure.

"Akasema haidhuru, dawa ya mimea haina nguvu. Akanilipa yote mawili, akaondoka."

Fundi akaendelea na kazi zake. Akalisahau.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, watu wanne waliingia uani. Wawili walikuwa askari wa wanyamapori, mmoja polisi, na wa nne Nathanael, mwenyekiti wa mtaa, aliyekuja kuwaonyesha njia. Hawakuja kumkamata mtu. Walikuwa wakizunguka kwa mafundi wote kuanzia Sitalike hadi Mpanda, na Aristide alikuwa wa kumi na moja.

Mmoja wao alifungua gunia na kutoa gobore, bunduki ya kienyeji iliyokamatwa porini pembezoni mwa hifadhi. Kitako kilikuwa cha mti uliochongwa kwa panga. Mtutu haukuwa wa panga. Ulikuwa wa mashine.

"Tunataka kujua tu kazi hii inaweza kufanywa wapi," askari alimwambia. "Wenzako wote wamesema hawajui. Nawe kama hujui, sema hujui, tuondoke."

Aristide aliipokea. Kwa mazoea, kama anavyofanya kwa kila chuma, alipitisha kidole gumba mdomoni mwa bomba. Kidole kikapita juu ya mstari mmoja. Kikapita juu ya wa pili.

"Nilikufa ganzi," anasema. "Siwezi kukueleza vizuri. Ni kama umekutana na mtoto wako njiani, halafu anakugeukia ameshika kisu chenye damu. Mikono ilikuwa inajua kabla kichwa hakijajua. Nilitaka kukirudisha kile kidole, kisiwe kimegusa."

Hakuna mwingine aliyeijua alama ile. Mzee Jean Bosco alishafariki. Askari walikuwa tayari wanatazama njia ya kutokea, na Nathanael alikuwa ameanza kuulizia maji ya kunywa. Ilitosha kutikisa kichwa.

Kwa mtu kama Aristide, kulikuwa na sababu ya ziada ya kutikisa kichwa. Cheti chake cha uraia alikipata akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, baada ya miaka mingi ya kuitwa mkimbizi katika nchi aliyozaliwa. Kinatunzwa ndani ya sanduku, kwenye mfuko wa nailoni, juu ya nguo za ubatizo. Na hapa alikuwa ameshika silaha haramu iliyotoka kwenye mashine yake.

"Bomba hili nimelikereza mimi," akasema.

Emelyne, aliyekuwa akipita na beseni la mihogo, alikaa chini palepale kwenye vumbi, beseni mapajani. Hata yule polisi, kwa simulizi ya mwenyekiti, alisahau kwa muda kwamba kazi yake ilikuwa kumshika mtu.

"Mimi nimekuwa mwenyekiti miaka kumi," Nathanael anasema. "Nimeona watu wakikutwa na mbuzi wa wizi ndani ya chumba cha kulala, wanakana. Yeye hakuulizwa hata mara mbili. Nilishtuka mpaka leo sijamaliza kushtuka."

Aristide alikaa mahabusu siku tatu. Lethi ikafungwa mnyororo. Emelyne akakitoa cheti sandukuni na kukishonea ndani ya mto wa kulalia.

"Nilijua watatuambia, rudini mlikotoka," anasema, akimgeukia mwandishi. "Mimi nilikotoka ni Katumba, kaka yangu. Nirudi wapi?"

Hakuna aliyewaambia hivyo. Lakini mshtuko mkubwa kuliko ule wa uani ulikuwa bado njiani, na ulimfikia Aristide akiwa na mahabusu wengine wawili tu, jioni ya siku ya pili. Alikuwa akijikumbusha ile Jumanne ya mwezi wa tatu, neno kwa neno, atafute alikosea wapi. Akafika mahali ambapo mteja anasema dawa ya mimea haina nguvu.

Mabomba yalikuwa mawili. Lililokamatwa lilikuwa zima. Lile jembamba, lililovutwa na kisu, liko mikononi mwa mtu asiyejua. Baruti si dawa ya mimea.

"Nikapiga mlango kwa ngumi," anasema. "Askari akaja akidhani naumwa. Nikamwambia kuna la pili, na ni bovu, litapasuka. Akaniuliza litapasukia wapi. Nikamwonyesha hapa." Anaweka kiganja kati ya shavu na jicho, mahali mwenye bunduki anapoegemeza uso akilenga.

Aliachiwa, akawekwa kuwa shahidi. Mashine alirudishiwa baada ya wiki sita, muda ambao familia iliishi kwa mihogo na vibarua vya Emelyne. Denis hajaonekana tena. Simu yake haipatikani, na Mwese hakuna anayemfahamu mkulima wa kahawa wa namna hiyo. Huenda hata jina si lake.

Magamba wapo wanaomwona Aristide anajitesa bure. Jangili akipasukiwa na bunduki yake, wanasema, shauri yake. Aristide huwasikiliza mpaka mwisho, maana si mtu wa kukatiza watu.

"Gobore halina mtu mmoja," anawajibu. "Nyie mnajua. Baba akilala, mtoto analichukua kwenda kufukuza nyani kwenye mahindi. Anayeweka shavu pale anaweza kuwa wa miaka kumi na mbili. Na ukuta ule niliufanya mwembamba mimi."

Restituta naye hajapona mshtuko. Alipopata habari alikuja na kukaa kwenye benchi la karakana, bado na sare ya kazi, akalia kimyakimya. Kisha akasema arudishe giya ya chuma. Yeye angelala na pamba masikioni, au asilale kabisa, potelea mbali. Mtu aliyekuwa akiombea mashine ile iharibike sasa alikuwa anaomba ipige kelele.

Aristide alikataa. "Nilimwambia, Sista, mti haujakosa. Wewe hujakosa. Mimi ndiye nilitakiwa kumuuliza yule mtu kwa sauti pampu yake iko wapi, niione. Kelele zilikuwa zinaniulizia hayo, mi nikadhani watu wabaya hawaji kwa ustaarabu wangu."

Ndiyo maana siku hizi kila mteja hutangaza kazi yake, na bomba refu halikerezwi mpaka pampu yenyewe iletwe uani. Wateja watatu wamenung'unika na kwenda kwa mafundi wengine. Mmoja aligeuza pikipiki yake mara tu alipoambiwa apaze sauti, na namba za pikipiki hiyo Nathanael anazo.

Saa tatu kasoro, Restituta anatokea kwenye njia ya mgombani, mkoba begani, anarudi kutoka zamu. Aristide anazima mashine kabla hajamfikia. Hasalimii.

"Sista, jana?"

"Hakuna, Baba Spès. Malaria, na mama wawili wamejifungua. Hakuna wa jeraha la uso."

Fundi anashusha pumzi, kisha anamuuliza za asubuhi. Wamefanya hivi kila siku tangu mwezi wa saba. Kila asubuhi kuna nafasi kwamba jibu litakuwa lingine, na wote wawili wanalijua hilo, na Emelyne aliyesimama mlangoni analijua.

Jumamosi hii Aristide anakwenda Mwese, mahali pekee alipopataja yule mteja. Ni siku ya gulio, na kwa mvua hizi za Januari pikipiki inafika nusu ya njia tu, kipande kinachobaki ni cha miguu. Nathanael amekubali kumsindikiza. Polisi wamepewa taarifa, na viongozi wa kule wameahidi kumpa kipaza sauti cha kutangazia chanjo. Ameonywa na marafiki kwamba akishasimama mbele ya gulio zima na kusema alichotengeneza, hata walioko mbali wataacha kumletea kazi.

"Nimemwambia aende," anasema Emelyne. "Hawezi kulala. Na mimi siwezi kulala na mtu asiyelala."

Aristide amekwisha kuyapanga maneno. Anayasema pale pale mbele ya mashine iliyozimwa, mikono ikiwa imenyooka pembeni kama mwanafunzi.

"Mimi ni Aristide Bukuru, fundi wa Magamba. Nilikereza bomba lenye mistari miwili mdomoni, likageuzwa bunduki. Bomba hilo ni bovu, nililiharibu mimi mwenyewe. Aliye nalo sitaki kumjua jina. Alipeleke kwa mwenyekiti wake. Akiogopa, ausubiri usiku aliache mlangoni kwangu. Akiogopa na hilo, alitumbukize kwenye choo. Ila asilifyatue, na asiliache mtoto akalifikia."

Anasema hajawahi kuhutubia watu zaidi ya kumi, na ana wasiwasi sauti itamkwama. Anamgeukia Restituta, ambaye bado hajaenda kulala, na kumwomba asogee mpaka kule barabarani, mwisho wa uwanja, aone kama anasikika.

Muuguzi anaweka mkoba chini na kwenda. Aristide anaanza upya, kwa nguvu zake zote, na kuku anaruka kutoka kwenye mayai.